Kaskazi imeingia, punguzeni risasi

Upepo ukigeuka, huku kwetu Nungwi, Unguja, tunabadilisha suti za kuzamia. Miezi ya kusi, hasa Julai mpaka Septemba, maji ya upande wa kisiwa cha Mnemba hushuka mpaka nyuzi 25 hivi, na anayezamia mara mbili kwa siku huihitaji suti yenye unene wa milimita 5. Novemba bahari huanza kupata joto. Ikifika Februari na Machi, komputa ya mkononi husoma nyuzi 29, na siku nyingine 30. Suti nene zinaoshwa kwa maji matamu, zinaanikwa kivulini, zinatundikwa stoo, na zile za milimita 3 zinashushwa.

Suti hubadilika, mikanda haibadiliki. Mkanda uliobeba kilo sita za risasi, vile vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kushuka, mwezi wa Agosti unabeba kilo zile zile sita mwezi wa Desemba, kiunoni mwa mtu yule yule, kwa sababu ndiyo namba aliyoizoea na ndiyo iliyoandikwa kwenye daftari lake. Ukimuuliza, atakwambia, "Mimi ni mtu wa kilo sita." Mimi naamini hakuna mtu wa kilo sita. Kuna mwili, kuna suti, kuna mtungi wa hewa, kuna maji na kuna pumzi, na kimoja kikibadilika, hesabu nzima inabadilika.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Kwenye kikapu chake mlikuwa na chubwi za kila namna, na asubuhi hakuchagua mpaka ameuangalia mkondo. Maji ya bamvua alichukua chubwi nzito, maji mafu akachukua ndogo. Nawaomba wazamiaji wafanye vivyo hivyo na risasi zao, na msimu huu ndio wakati wake, maana wengi wetu tumevua milimita mbili za mpira bila kuzifidia.

Tuanze na sababu yenyewe, kwa kuwa asiyeijua sababu hukariri namba tu. Suti tunazovaa zimetengenezwa kwa neopreni, mpira uliojaa viputo vidogo vidogo vya gesi. Mmarekani Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mzamiaji hahitaji kukaa mkavu ili asione baridi. Viputo vile ndani ya mpira vinatosha kuzuia joto la mwili lisipotee, hata kama kuna maji kidogo yamepita kati ya suti na ngozi. Sasa viputo hivyo hivyo vinavyokupa joto ndivyo vinavyokunyanyua. Huwezi kupata kimoja ukaacha kingine. Ukivaa suti nene umevaa joto zaidi na umevaa boya kubwa zaidi, na risasi ya kiunoni ipo kwa ajili ya kulishinda boya hilo. Ukivaa suti nyembamba boya limepungua, na risasi lazima ipungue nayo.

Ipungue kiasi gani? Hesabu ya kalamu ni hii. Ngozi ya mtu mzima wa kimo cha kati ni kama mita 1.8 za mraba. Toa kichwa, viganja na nyayo, ambavyo suti haivifuniki, zinabaki kama 1.6. Tofauti ya milimita 2 kwenye eneo hilo ni zaidi ya lita 3 za mpira. Bahari inanyanyua kitu kwa uzito wa maji kiliyoyasukuma, na lita moja ya maji ya chumvi ina uzito wa kilo 1.025. Kwa hiyo unanyanyuliwa kwa kilo 3 na kitu, ukitoa uzito wa mpira wenyewe, ambao si mkubwa, inabaki kama kilo 2 na nusu.

Hiyo ni suti mpya, yenye unene ule ule mwili mzima. Suti nyingi zinazoitwa za milimita 5 zina mikono na miguu myembamba kuliko kifua, na suti iliyokwisha kwenda chini mara nyingi huwa imekandamizwa hadi viputo vyake vingine vimekufa. Ndiyo maana mimi naanzia kilo 2. Aliyekuwa akizamia vizuri kwa kilo 6 na suti ya milimita 5, namfunga kilo 4 anapovaa milimita 3, mtungi na maji yakiwa ni yale yale. Lakini nasisitiza neno kuanzia. Kilo 2 ni mahali pa kuanzia kupima.

Kama una subira, kuna njia ya kujua suti yako inanyanyua kiasi gani hasa, na haihitaji hata kuvaa. Ikunje suti, itie ndani ya mfuko wa wavu, uizamishe kwenye tangi la kuoshea vifaa, uikamue chini ya maji mpaka hewa iliyojificha mikononi na miguuni itoke yote. Kisha tia kipande kimoja kimoja cha risasi ndani ya mfuko mpaka uanze kuzama taratibu. Risasi iliyomo mfukoni ndiyo nguvu ya suti hiyo. Fanya kwa suti nene, fanya kwa suti nyembamba, toa moja kwa nyingine. Hapo umepata tofauti yako mwenyewe, si ya kwenye jedwali.

Tulifanya hivyo na kijana mmoja anayejifunza kuongoza wazamiaji kwetu, tukazipitia suti za kukodisha zilizokuwa stoo. Zile za milimita 5 zilizo nzima zilihitaji kama kilo 5 kuzama, za milimita 3 kama kilo 3. Halafu tukaikuta moja ya milimita 5, nyeusi, magoti yamelika, ikazama kabla ya kufika kilo 4. Kijana akaiangalia, akaniangalia.

"Kaka, sasa anayevaa hii anapewa risasi sawa na mwenye ile mpya?"

"Ndivyo anavyopewa."

"Basi huyo anazamishwa."

Ndiyo, anazamishwa. Ukubwa wa suti umeandikwa kwenye lebo, uchovu wake haukuandikwa popote. Baada ya siku ile kijana alichukua kalamu ya rangi nyeupe, akaandika ndani ya kola ya kila suti uzito tulioupata. Nampenda kwa hilo, na wageni wengi watazamia vizuri kwa sababu yake bila kumjua.

Hata risasi zenyewe zinataka kupimwa. Vipande vinavyomiminwa na mafundi havilingani. Vingi vinaitwa vya kilo moja, lakini ukivining'iniza kwenye mzani wa samaki, kimoja kina gramu 850, kingine kina kilo na robo. Ukitia vipande vinne vya namna hiyo hujui umebeba nini, tena upande mmoja wa kiuno unaweza kuwa mzito kuliko wa pili, ukajikuta unaelemea kulia safari nzima na kujilaumu kuwa hujui kuzamia.

Sasa tuingie majini, maana hesabu ya nchi kavu inakufikisha mlangoni tu. Kipimo ambacho wengi wetu tulifundishwa ni cha juu ya maji: vaa kila kitu, regyuleta ya kupumulia iwe mdomoni, toa hewa yote kwenye jaketi, lile linalojazwa hewa ili uelee, vuta pumzi ya kawaida uishike, tulia wima bila kupiga mapezi. Ukiwa na risasi sahihi, maji yatakuwa usawa wa macho. Ukitoa pumzi, utashuka polepole. Ni kipimo kizuri, na ukibadilisha suti usiache kukifanya. Ila kina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni miguu. Mtu aliye juu ya maji, tena mwanzo wa siku, mawimbi yanampiga usoni, hupiga mapezi bila kujijua. Anajisukuma juu mwenyewe, hashuki, anaomba kilo moja zaidi. Namwambia akunje miguu, ashike kifundo kimoja cha mguu kwa mkono. Mara nyingi anazama pale pale na ombi la kilo moja linakwisha.

Mtego wa pili ni mtungi. Hapa kwetu mitungi karibu yote ni ya alumini, ile ya lita 11 na pointi, inayojazwa mpaka bar 200, bar ikiwa ni kipimo cha mgandamizo. Hewa ina uzito. Mtungi ukijaa, hewa iliyomo peke yake inakaribia kilo 2.7. Ukipanda na bar 50, umeshapumua na kuzitoa kama kilo 2. Mtungi wa alumini uliojaa huzama kidogo, na ukikaribia kuisha huanza kuelea, na kitako chake hunyanyuka na kukusukuma makalio juu. Kwa hiyo aliyepima mtungi ukiwa umejaa, akatulia usawa wa macho barabara, mwisho wa safari atakuwa mwepesi kwa kilo 2, na mwisho wa safari ndipo anapotakiwa kusimama mita 5 kwa dakika 3 ili naitrojeni itoke mwilini taratibu. Hawezi kusimama. Anapanda bila kutaka. Mitungi ya chuma haina tabia hiyo ya kuelea kwa ukali huo, kwa hiyo anayetoka kituo chenye mitungi ya chuma akaja kwenye alumini anatakiwa kuongeza, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi: suti imewaambia punguza, mtungi unawaambia ongeza, na mwisho wa hesabu huenda wakabaki na namba ile ile waliyokuja nayo. Hilo si kosa, ilimradi wamelifikia kwa kupima.

Kwa sababu hiyo mimi kipimo ninachokiamini ni cha mwisho wa safari. Ukiwa mita 5, geji ya mtungi inasoma bar 50 au karibu, toa hewa yote kwenye jaketi. Yote, mpaka kitufe cha kutolea kikose cha kutoa. Kisha pumua taratibu. Ukibaki pale pale, ukipanda kidogo unapovuta na kushuka kidogo unapotoa, risasi yako ni sahihi kwa suti hiyo, mtungi huo na maji hayo. Ukishuka mpaka inabidi ujaze tena jaketi, una risasi ya ziada. Ukipanda, umepungukiwa.

Safari za kwanza za kaskazi mimi huweka vipande viwili vya kilo moja kwenye mifuko ya jaketi langu, juu ya risasi zangu, na kuvifidia kwa hewa. Mgeni akianza kupanda pale mita 5, nampa kimoja mkononi, anakitia mfukoni, anatulia. Akiwa ametulia vizuri lakini jaketi lake bado lina hewa, namwomba anipe kimoja chake, naangalia kama bado anatulia. Tunapima pale pale, tukiwa tunasubiri dakika zetu, na wakati huo huwa hatuna kazi nyingine. Tukirudi botini anaandika namba mpya.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja kutoka Uholanzi, mzamiaji wa miaka mingi, mtulivu, aliyejifunza kwenye maziwa ya kwao yenye maji baridi. Kule alivaa suti ya milimita 7 yenye kofia, akabeba kilo 12. Alipoona maji yetu ni nyuzi 28 akaomba suti ya milimita 3, na risasi kilo 10. Alidhani kupunguza 2 kunatosha. Nikakaa naye ubaoni, tukapiga hesabu pamoja. Suti imepungua milimita 4, kofia imeondoka, risasi ishuke sana. Kisha maji: ziwa ni maji matamu, bahari ni maji ya chumvi, na chumvi inanyanyua zaidi kwa asilimia 2.5 hivi. Yeye pamoja na vifaa vyake alikuwa na kama kilo 95, kwa hiyo bahari inamdai kilo 2 na zaidi ambazo ziwa halikumdai. Tukatoa, tukajumlisha, tukaja kwenye kilo 8. Alinitazama kwa shaka. Mwisho wa safari, mita 5, alikuwa bado na hewa kidogo kwenye jaketi, akanipa kilo moja mwenyewe bila kuombwa, akabaki ametulia. Saba. Uso wake ulivyofurahi chini ya miwani ile sitausahau.

Ndugu zetu wanaozamia Ziwa Nyasa au Ziwa Tanganyika wakija pwani wanakutana na jambo hilo hilo. Ukija na suti yako ile ile na mtungi wa aina ile ile, ongeza risasi. Ukija ukabadilisha na suti nyembamba, mambo mawili yanavutana na huenda yakakaribia kufutana. Pima.

Nirudi kwenye pumzi, kwa sababu nusu ya risasi inayobebwa hapa Zanzibar inabebwa kwa ajili ya pumzi. Mtu mwenye wasiwasi hujaza mapafu na kuyabakisha yamejaa nusu muda wote. Anavuta kabla hajamaliza kutoa. Mapafu yaliyobaki na lita 2 za ziada ni kilo 2 za kuelea, sawa kabisa na tofauti ya suti tunayoizungumza. Ukimfunga risasi ya kushinda wasiwasi, wasiwasi ukiisha baada ya dakika kumi risasi inabaki, naye anaanza kuburuza tumbo kwenye mchanga. Kwa hiyo mgeni wangu akishindwa kushuka, kabla sijagusa risasi namwambia atoe pumzi mpaka mwisho, ahesabu, atoe tena. Wengi hushuka kwa pumzi. Atakayebaki juu baada ya hapo, huyo kweli anahitaji kipande.

Kuna watu watasema kilo 2 za ziada zina shida gani, si unajaza tu hewa kwenye jaketi? Shida ipo, na ni ya kimaumbile. Kila mita 10 unazoshuka huongeza bar moja ya mgandamizo. Juu ni bar 1, mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3. Hewa hukandamizwa na kutanuka kwa kufuata mgandamizo huo, na ndivyo Robert Boyle alivyoandika tangu 1662. Ukiwa mita 20 na kilo 2 zisizohitajika, umetia lita 2 za hewa zisizohitajika. Ukipanda mpaka mita 10, zimekuwa 3. Ukifika mita 5, zimekuwa 4. Hewa hiyo inakusukuma juu pale pale ulipotaka kutulia, unabonyeza kutoa, unatoa kupita kiasi, unashuka, unajaza tena. Safari nzima unapigana na jaketi. Mtu mwenye risasi sahihi ana hewa kidogo, na hewa kidogo hutanuka kidogo.

Na hapa ndipo suti nyembamba inapokuwa neema. Suti nayo hukandamizwa. Ile ya milimita 5 inayokunyanyua kilo 5 juu ya maji, ukifika mita 20 imepoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na unalazimika kuifidia kwa hewa ya jaketi. Ya milimita 3 ilikuwa na kilo 3 tu za kupoteza. Kwa hiyo ukivaa nyembamba na risasi yake sahihi, mabadiliko kati ya juu na chini ni madogo, jaketi huna haja nalo sana, na mengi unayafanya kwa pumzi. Kijana wetu alipanda botini siku moja, hata mtungi hajavua, akasema, "Kaka, leo jaketi sikuligusa kabisa, nilikuwa napumua tu." Ndilo jambo ninalotaka kila mzamiaji alionje.

Kwenye maji ya kina kifupi kosa la risasi huonekana zaidi, kwa sababu huko ndiko hewa hutanuka kwa kasi kuliko kote, na suti haijakandamizwa vya kutosha. Mfano ni meli ya Great Northern, iliyokuwa ya kutandaza nyaya za mawasiliano baharini, ikazama mwaka 1902 karibu na Mji Mkongwe na sasa iko kwenye mita 12 hivi. Wageni huidhani rahisi kwa kuwa si ya kina. Aliyepungukiwa risasi hatulii hata dakika moja juu ya sitaha yake, na aliyezidishiwa anakaa juu ya matumbawe yaliyoota kwenye vyuma.

Matumbawe ndiyo yanayonifanya nisiinyamazie mada hii. Anayebeba risasi nyingi kiunoni na hewa nyingi mabegani hawezi kulala sawa majini. Anaogelea kichwa juu, miguu chini, na mapezi yake yanapiga kila kinachopita chini yake. Akipita Kichwani au Wattabomi, miamba ya kuzamia ya Mnemba, nyuma yake mchanga unafumka na vitawi vinakatika. Matumbawe ya Bahari yetu ya Hindi yalipauka vibaya mwaka 1998, yakapauka tena 2016, kwa joto ambalo mimi na wewe hatuwezi kulizuia tukiwa botini. Pezi tunaweza kulizuia. Kipande cha matumbawe kilichokatika kwa pezi kinachukua miaka kuota, na kilikatika kwa sababu mtu hakutaka kutoa kilo 2 kwenye mkanda.

Ukizitoa, angalia unazitoa wapi. Suti nene hunyanyua miguu. Ukiingia kwenye nyembamba, miguu inakuwa mizito kuliko ulivyozoea, hasa kama mapezi yako ni ya mpira mzito. Hivyo toa risasi za kiunoni kwanza, na ukiona bado unaning'inia miguu chini, hamisha kilo moja kwenye mkanda wa mtungi, juu karibu na mabega. Wenye mapezi mepesi yanayoelea watapata kinyume chake. Toa kwa jozi, kushoto na kulia sawa.

Halafu kaza mkanda. Hili dogo linasahaulika kila mwaka. Mkanda uliopimwa juu ya milimita 5 unalegea juu ya milimita 3, na ukiwa chini suti ikikandamizwa unalegea zaidi. Unaweza kuzunguka mpaka kifungo kikaenda mgongoni, usikokifikia ukikihitaji, au ukateleza mpaka magotini. Mtu aliyeupoteza mkanda wake mita 18 anapanda kwa kasi ambayo hakuichagua. Mikanda ya jaketi nayo, ya kifuani na mabegani, ivute upya.

Nawasihi pia msipunguze kwa ushindani. Vijana wa boti wameanza kujisifu kwa uchache wa risasi, huyu kilo 2, yule kilo 1. Kuzidi ni usumbufu na uharibifu, lakini kupungukiwa ni hatari ya mwili. Asiyeweza kubaki mita 5 na mtungi mwepesi anapanda huku viputo vya naitrojeni vikitafuta njia kwenye viungo na uti wa mgongo. Baina ya kilo moja pungufu na kilo moja ya ziada, chukua ya ziada, kisha uitoe safari ijayo baada ya kupima.

Wala si lazima kila mtu avue suti nene. Nahodha wetu, mzee ambaye ameiona bahari hii kuliko sisi sote, hunicheka nikivaa milimita 5 mwezi wa Januari. Lakini anayeongoza safari tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, hupoteza joto hata kwenye nyuzi 28, na mzamiaji anayetetemeka hupumua haraka na kufikiri polepole. Siku za kazi nyingi nabaki na suti nene na kilo zangu 6. Siku ya safari moja navaa milimita 3 na kilo 4. Kwenye daftari langu kila ukurasa una mambo manne kabla ya jina la mwamba: suti na unene wake, mtungi ni alumini au chuma, maji ni ya chumvi au matamu, na risasi niliyomaliza nayo mita 5 jaketi likiwa tupu.

Wameniuliza wengine kuhusu kuzamia bila suti, kaptula na fulana ya kuogelea tu, maana Machi wanasema joto limezidi. Hapo toa kilo 2 mpaka 3 nyingine kutoka kwenye hesabu ya milimita 3. Mtu mwembamba mwenye misuli, akiwa na mtungi wa chuma, anaweza asihitaji risasi hata moja. Kwa mtungi wa alumini wengi hubaki na kilo 1 au 2. Anza na mbili, fanya kipimo cha mita 5, kisha nitumie namba yako, nipo ufukweni kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka boti ziondoke.